Kuchagua mafunzo ya kazi za sayansi za viumbe hai: anzia kwenye kazi, kisha urudi kwenye kozi

Vyeti viwili vinaweza kuandikwa "Bayoteknolojia" na visifanane kwa lolote. Mwenye cha kwanza amekuza seli wiki nane mfululizo bila kuziachia zichafuke. Mwenye cha pili amezionea picha ukutani. Anayesaili analijua hilo, ndiyo maana atakuuliza umefanya nini kwa mikono yako na mara ngapi kabla hajakuuliza umesoma wapi. Mwongozo huu umepangwa kufuata swali hilo. Unaanza na kazi, unashuka kwenye ujuzi, na kozi inakuja mwishoni.

Hatua ya 1: Taja kazi, usitaje sekta

Kusema "nataka kazi ya sayansi za viumbe hai" ni kama kusema unataka kazi ya baharini: huko kuna nahodha, mvuvi, mzamiaji na karani wa forodha. Lazima ushuke mpaka kwenye jina la kazi yenyewe.

Uzalishaji wa dawa za kibiolojia, yaani chanjo, insulini, kingamwili na nyinginezo, umegawanyika pande mbili kuu. Upande wa kwanza hukuza seli au bakteria ndani ya bayoreakta (tangi la kukuzia) na kulinda joto, pH na oksijeni iliyoyeyuka. Upande wa pili huchukua mchuzi ule na kusafisha protini kwa kromatografia (njia ya kutenganisha viambato vya mchanganyiko) na uchujaji. Baada ya hapo kuna kujaza vichupa katika mazingira yasiyo na kijidudu chochote. Kazi hizi mara nyingi ni za zamu, na zamu ya saa 12, usiku ukiwemo, ni jambo la kawaida. Utasimama sana, utavaa mavazi yanayokufunika mwili mzima, na vipodozi, saa na pete vitabaki nje ya mlango.

Udhibiti ubora ni kazi ya maabara: kupima usafi wa dawa kwa HPLC (mashine inayotenganisha viambato vya kimiminika), kupima protini kwa ELISA (kipimo kinachotumia kingamwili), kutafuta vijidudu kwenye maji, hewa na nyuso za chumba. Uhakikisho wa ubora ni kitu kingine, ingawa majina yanakaribiana. Huko unasoma rekodi za bechi (fungu la dawa lililotengenezwa kwa pamoja), unachunguza mikengeuko (yaliyokwenda kinyume na utaratibu) na unaamua kama bechi itoke au isitoke. Mtu asiyependa makaratasi asiende huko hata akiambiwa mshahara ni mzuri.

Utafiti wa kitabibu una waratibu wanaokaa na wagonjwa na fomu za ridhaa, na una wafuatiliaji wanaosafiri kutoka kituo hadi kituo kulinganisha data na majalada ya wagonjwa. Vifaa tiba vina mfumo wao wa ubora, ISO 13485. Utunzaji wa wanyama wa utafiti ni fani yenye ngazi zake. Uchambuzi wa data za jenetiki hufanyika mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni.

Kuna tawi moja linalowapoteza watu wengi, nalo ni maabara ya hospitali. Kupima damu ya mgonjwa na kutoa majibu ni taaluma inayodhibitiwa na sheria katika nchi nyingi: unahitaji stashahada au shahada inayotambuliwa na baraza husika, mafunzo ya vitendo hospitalini, na mara nyingi mtihani wa usajili. Kozi ya miezi minne ya bayoteknolojia haikufikishi huko, hata kama pipeti (kifaa cha kunyonyea na kupimia kimiminika) ni ileile. Kama lengo lako ni hospitali, anza kwa kusoma orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa na baraza hilo, na uweke kando kila chuo ambacho hakimo.

Kabla hujasonga mbele, angalia na afya yako. Viwanda vinavyotengeneza penisilini na dawa za ukoo wake hutenga majengo kwa sababu vumbi kidogo tu linaweza kumdhuru mwenye mzio. Kama unao, kazi hiyo si yako. Anayekagua vichupa kwa macho hupimwa uwezo wake wa kuona kasoro angalau mara moja kwa mwaka chini ya kanuni za Ulaya. Wanaoshika damu ya binadamu hutakiwa kuchanjwa homa ya ini aina ya B, na chanjo hiyo kwa kawaida huchomwa mara tatu ndani ya miezi sita, kwa hiyo usingoje wiki ya kufungua chuo. Mzio wa manyoya ya panya huwapata hata watu ambao hawakuwahi kuwa nao kabla, baada ya miezi kadhaa ya kazi.

Hatua ya 2: Kusanya matangazo 30 ya kazi

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote. Tafuta matangazo 30 ya kazi uliyoitaja, katika maeneo ambayo kweli uko tayari kuishi au kusafiri kila siku. Usikusanye ya nafasi za juu. Chukua yale yanayoomba uzoefu wa mwaka 0 hadi 2 tu.

Fungua jedwali. Kila tangazo liwe na mstari wake, na safu ziwe hizi: jina la kazi, elimu inayotakiwa, mbinu za maabara zilizotajwa, mashine au programu za kompyuta zilizotajwa, kanuni zilizotajwa, na zamu. Tenga yaliyo chini ya "lazima" na yaliyo chini ya "itapendelewa". Ukimaliza, hesabu.

Matokeo husomwa hivi. Kitu kinachotokea kwenye matangazo 15 au zaidi kati ya 30 ni lazima kiwe kwenye kozi yako, tena kwa vitendo. Kinachotokea kati ya 6 na 14 ni cha kutofautisha kozi mbili zinazolingana. Chini ya hapo, usikilipie. Angalia pia safu ya elimu: kama matangazo 26 yanataka shahada nawe unafikiria cheti cha wiki kumi, tatizo halitatuliwi kwa kutafuta cheti bora zaidi. Badili kazi unayolenga, au badili aina ya masomo. Hali hii ni ya kawaida sana kwenye bayoinfomatiki, ambako kozi fupi za kuandika programu kwa Python na R ni nyingi ilhali nafasi nyingi zinataka shahada ya uzamili.

Jedwali hili litakuonyesha pia maneno ambayo waajiri wa eneo lako huyatumia. Ukienda kuuliza chuoni ukiwa nayo mkononi, mazungumzo hubadilika. Badala ya kusomewa kipeperushi, unamuuliza afisa udahili: "Kati ya mbinu hizi nane, zipi mwanafunzi anazifanya mwenyewe?"

Hatua ya 3: Linganisha aina ya mafunzo na ulipo sasa

Kozi ya siku 3 hadi 5 inamfaa aliye tayari kazini anayeongeza ujuzi mmoja. Haimwingizi mtu mpya kazini, na anayekuahidi hivyo anakuuzia ndoto. Kozi ya wiki 8 hadi 16 inaweza kumwingiza mtu kwenye uzalishaji kama mwendeshaji, hasa pale ambapo kiwanda chenyewe kimeshiriki kuandaa mtaala. Stashahada ya miaka miwili hufungua maabara za udhibiti ubora katika maeneo mengi. Mwenye shahada ya biolojia au kemia asiye na uzoefu hahitaji kurudi mwanzo. Mara nyingi kinachompungukia ni miezi michache ya vitendo na kanuni.

Uanagenzi, ambapo mwajiri anakulipa huku unajifunza, ndio bora kuliko yote ukiupata. Tatizo lake ni uchache wa nafasi na msimu wa maombi, ambao unaweza kufungwa miezi 6 hadi 9 kabla ya kuanza. Ulizia kwanza huu, ndipo uende kwenye kozi za kulipia.

Mafunzo ya mtandaoni yana mahali pake. Kanuni za utafiti wa kitabibu, zinazojulikana kila mahali kwa herufi GCP, unaweza kuzisoma vizuri ukiwa nyumbani, na kozi zake za bure zipo, kwa mfano kupitia The Global Health Network. Usilipe pesa nyingi kwa kitu hicho. Lakini mkono hauzoei pipeti kwa kutazama video, na bayoreakta ya kwenye skrini haitakufundisha kuchukua sampuli bila kuingiza vijidudu. Uigizaji wa kompyuta ni maandalizi mazuri ya siku moja kabla ya kugusa mashine yenyewe, basi.

Kwa anayetaka kuona kituo cha mafunzo ya uzalishaji kilichojengwa kama kiwanda kinafananaje, mifano inayojulikana ni NIBRT mjini Dublin na BTEC katika North Carolina State University. Korea Kusini nayo ilichaguliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 kuwa kitovu cha kimataifa cha mafunzo ya uzalishaji wa kibiolojia. Soma mitaala yao hata kama huna mpango wa kwenda; ni kipimo kizuri cha kuwekea kozi iliyo karibu nawe.

Hatua ya 4: Hesabu saa za mikono yako mwenyewe

Vyuo hutangaza "saa za maabara". Namba hiyo haikuhusu mpaka uigawe.

Chukua kozi ya wiki 12 yenye vipindi viwili vya maabara kwa wiki, kila kipindi saa 3. Hizo ni saa 72, na ndizo zitakazoandikwa kwenye tangazo. Sasa uliza wanafunzi ni wangapi kwa kundi na makabati ya usalama wa kibiolojia ni mangapi. Wakisema 24 na 4, basi ni watu sita kwa kabati moja, na fungu lako ni saa 12. Toa theluthi moja kwa ajili ya maelezo ya mwalimu, maandalizi na usafi, unabaki na saa 8. Yaani saa 72 za kwenye karatasi ni siku moja ya kazi.

Fanya hesabu hiyo kwa kila mashine iliyo kwenye jedwali lako, kwa sababu uwiano unatofautiana. Pipeti huwa za kutosha. HPLC mara nyingi ni moja tu, na kama wanafunzi 24 wanaizunguka mashine moja, wengi watajifunza kumwangalia mwenzao akibonyeza kitufe. Uwiano wa watu wawili kwa kituo ni mzuri, watatu wanavumilika. Ukifika wanne, mmoja anafanya, mmoja anaandika, na wawili wanaangalia simu.

Wingi wa saa nao hautoshi bila marudio. Seli nyingi za maabara zinazoshikamana na chombo hugawanywa kila baada ya siku 2 hadi 4. Anayezitunza mwenyewe kwa wiki nne mfululizo atazigawa mara saba au zaidi, na kwa muda huo huenda akaona chupa iliyogeuka mawingu kwa sababu bakteria wameingia. Hilo ni somo, wala si ajali. Kozi inayokupa seli siku moja, ukazitazama kwa darubini, ukaondoka, haijakufundisha kitu hicho hata kama imo kwenye ratiba.

Hatua ya 5: Soma mtaala kama mkaguzi

Omba mtaala wa kina, ule wa wiki kwa wiki. Wakikuletea ukurasa mmoja wenye vichwa vya habari tu, uliza tena. Wasipokuwa nao, hilo ni jibu tosha.

Mambo ya msingi yanayopaswa kuwamo, hata uelekee tawi gani la maabara au uzalishaji, ni haya. Pipeti: mwanafunzi apimwe kwa kupima maji, mikrolita 100 mara kumi kwenye mizani ya maabara, kila tone liwe karibu na gramu 0.1 na tofauti kati yake isizidi takriban asilimia 1. Asiyefikia hapo kwa kawaida anakosea moja kati ya mambo matatu: anabonyeza mpaka kituo cha pili wakati wa kuvuta, anaachia kidole kwa haraka kiasi cha kuingiza hewa, au anainamisha pipeti. Hesabu za kuchanganya na kuzimua. Kufanya kazi bila kuchafua. Kutumia otoklevu, ambayo kwa kawaida huua vijidudu kwa nyuzijoto 121 kwa dakika 15 hadi 20, pamoja na kujua kwa nini chupa kubwa iliyojaa inahitaji muda zaidi ya huo. Na uandishi wa rekodi.

Uandishi wa rekodi unaonekana mdogo, lakini ndio unaowaangusha wengi katika mwezi wa kwanza kazini. Kanuni yake hufupishwa kwa neno ALCOA: ijulikane nani aliandika, isomeke, iandikwe papo hapo, iwe ya asili, na iwe sahihi. Kosa hukatwa kwa mstari mmoja ili kilichokuwepo kiendelee kusomeka, kisha unaweka saini ndogo, tarehe na sababu. Hakuna rangi nyeupe ya kufutia, hakuna penseli, hakuna kunakili kwenye kiganja ili uandike baadaye. Kozi nzuri hailifundishi hili kwa somo la saa moja. Inamlazimisha mwanafunzi kufuata SOP (utaratibu wa kazi ulioandikwa hatua kwa hatua) na kujaza rekodi kila kipindi, na inampunguzia alama akiacha nafasi tupu.

Kwa uzalishaji, tafuta kanuni bora za uzalishaji, GMP, pamoja na uvaaji wa mavazi ya chumba safi, uchunguzi wa mikengeuko, hatua za kurekebisha na kuzuia, na rekodi ya bechi inayojazwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa udhibiti ubora, HPLC isiishie kwenye nadharia. Mhitimu awe ameandaa kimiminika cha mashine mwenyewe, amekichuja na kutoa hewa, amesubiri kolamu itulie, amechora mstari wa viwango na ameona matatizo matatu ya kawaida: shinikizo linalopanda kwa sababu kichujio kimeziba, viputo vya hewa kwenye pampu, na vilele vya grafu ya matokeo vinavyohama mahali pake kwa sababu mchanganyiko au joto limebadilika. Mtu asiyewahi kuona shinikizo likipanda hajui mashine hiyo.

Kuna njia rahisi ya kujua kama mtaala umezeeka: uliza kuhusu mabadiliko ya kanuni. Kiambatisho cha 1 cha GMP ya Ulaya, kinachohusu dawa zisizo na vijidudu, kiliandikwa upya na kuanza kutumika 25 Agosti 2023, na kinamtaka kila mtengenezaji awe na mkakati mmoja ulioandikwa wa kudhibiti uchafuzi katika kiwanda kizima. Mwongozo wa GCP wa ICH, baraza la kimataifa linalooanisha masharti ya dawa, ulipata toleo jipya, E6(R3), Januari 2025. Lililotangulia lilikuwa la 2016. Upande wa vifaa tiba, kanuni za ubora za Marekani zilihamia kwenye msingi wa ISO 13485 kuanzia 2 Februari 2026. Mwalimu wa fani husika anayesita akiulizwa kuhusu moja ya haya anafundisha alichokumbuka, na kiwandani utakuta wenzako wanazungumza lugha nyingine.

Ukiwa kwenye mtaala, jipime na wewe pia. Una myeyusho wa mola 1 kwa lita na unatakiwa kuandaa mililita 250 za milimola 50 kwa lita: utachukua mililita ngapi? Jibu ni 12.5, halafu unajaza mpaka 250. Umehesabu seli kwenye hemositomita (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli), wastani ni 50 kwa kila mraba mkubwa, na ulizimua nusu kwa nusu na rangi: kuna seli ngapi kwa mililita? Ni 50 × 2 × 10,000, yaani milioni moja. Kama maswali haya yamekutoa jasho, tenga wiki mbili za hesabu kabla ya kozi. Wanaoshindwa katikati ya programu hizi mara nyingi hukwama kwenye uwiano na vipimo. Biolojia huwa haiwasumbui.

Hatua ya 6: Nenda ukaone, tena siku ya vitendo

Siku ya maonyesho kila kitu kinang'aa. Omba kwenda siku ya kawaida, wakati wanafunzi wako maabara, ukae dakika 45 kimya.

Angalia kibandiko cha uhakiki kwenye pipeti na mizani: tarehe ya mwisho ya kuhakikiwa na ya kurudiwa. Tarehe ikiwa imepita mwaka, chuo kinachofundisha GMP hakiifuati. Fungua kitabu cha kumbukumbu cha HPLC uone ilitumika lini mara ya mwisho. Mashine iliyoandikiwa matumizi matatu kwa muhula ni pambo. Soma tarehe za kuisha muda kwenye vitendanishi. Vilivyoisha si dhambi kwa mazoezi, mradi vimebandikwa alama hiyo na wanafunzi wanajua. Tazama karatasi ya joto la friji: kama nafasi za Jumamosi na Jumapili zimejazwa kwa kalamu ileile na mwandiko uleule kila wiki, na jengo hufungwa wikendi, umeshajua wanachofundisha kuhusu ukweli wa data.

Waulize wanafunzi maswali mawili tu, mwalimu akiwa mbali: "Wiki iliyopita wewe mwenyewe ulifanya nini?" na "Kitu kikiharibika, nini hutokea?" Jibu la pili ndilo lenye uzito. Palipo vizuri utasikia kwamba waliandika mkengeuko, wakatafuta chanzo, wakarudia. Kwingine utasikia kwamba mwalimu aliwapa data za mwaka jana.

Kuhusu walimu, uliza wamefanya kazi kiwandani au maabara ya kazi lini mara ya mwisho. Aliyeondoka miaka ishirini iliyopita anaweza kuwa mwalimu hodari wa misingi, lakini mifuko ya plastiki ya kutumika mara moja imechukua nafasi ya matangi ya chuma katika viwanda vingi tangu wakati wake, na kazi ya kuunganisha mirija ya mifuko hiyo haifanani na ya zamani.

Hatua ya 7: Vunja takwimu za ajira

"Asilimia 90 ya wahitimu wetu wana kazi." Sentensi hii inaweza kuwa ya kweli na isikusaidie chochote. Tuseme walioandikishwa walikuwa 40. Waliomaliza ni 28. Waliojibu dodoso ni 20. Kati yao 18 wana kazi, hiyo ndiyo asilimia 90. Lakini wenye kazi za fani ni 9, wengine wako madukani na kwenye vituo vya simu. Wewe unayefikiria kujiandikisha, namba yako ni 9 kati ya 40, yaani asilimia 22.5.

Kwa hiyo omba namba tano: walioanza, waliomaliza, waliojibu, walioajiriwa kwenye fani ndani ya miezi sita, na majina ya kazi walizopata. Hilo la mwisho lilinganishe na jedwali la hatua ya 2. Kisha wapigie simu waajiri wawili wanaotajwa kuwa "washirika" na uwaulize idara ya rasilimali watu: mwaka jana mmeajiri wangapi kutoka chuo hiki? Ushirika wa kweli huonekana kwa watu walioajiriwa, mashine zilizotolewa, au wafanyakazi wa kiwanda wanaokuja kufundisha. Nembo kwenye tovuti huwekwa na yeyote.

Hatua ya 8: Jua cheti kinafungua mlango upi

Cheti cha kumaliza kozi na ithibati ya kitaaluma ni vitu viwili tofauti, na matangazo mengi huvichanganya kwa makusudi. ACRP na SOCRA, mashirika yanayotoa ithibati kwa watu wa utafiti wa kitabibu, hudai uzoefu wa kazi kabla hujaruhusiwa kufanya mtihani. Kwa hiyo kozi ya wiki sita inayosema utatoka ukiwa "mratibu aliyethibitishwa" inakupa karatasi yake yenyewe.

Ithibati ya chuo usiithibitishe kwenye tovuti ya chuo. Ingia kwenye rejista ya chombo kilichoitoa. Vivyo hivyo kwa kuhamisha alama kwenda shahada: jibu la kuaminika linatoka kwa chuo kitakachokupokea, kwa maandishi, kikitaja kozi na idadi ya alama.

Usidhani pia kwamba cheti kitakuondolea majaribio kazini. Kwenye uzalishaji wa dawa zisizo na vijidudu, mwajiri atakupima upya uvaaji kwa kuchukua sampuli kwenye vidole vya glovu, mikono, kifua na kofia, na hutagusa bidhaa mpaka ushiriki jaribio la kujaza vichupa kwa lishe ya bakteria na lifaulu. Kozi iliyokupitisha kwenye uvaaji mara kumi inakusaidia kufaulu mapema, lakini kipimo ni kilekile kwa wote.

Hatua ya 9: Gharama na mkataba

Jumlisha kila kitu: ada, mitihani, koti na miwani, bima, chanjo, nauli, na kipato utakachokosa. Gawanya kwa saa za mikono ulizopata kwenye hatua ya 4. Kozi "nafuu" mara nyingi hugeuka kuwa ghali hapo.

Kama mwajiri analipia, soma kifungu cha kurudisha gharama. Muda wa kutumikia wa mwaka mmoja au miwili ni wa kawaida, ila deni lipungue kila mwezi unaofanya kazi, na lisikuhusu ukiachishwa bila kosa. Kama vifungu hivyo viwili havimo, omba viandikwe kabla ya kusaini. Kama unalipa kwa kukatwa asilimia ya mshahara wa baadaye, tafuta kikomo cha juu cha jumla na uone kama makato yanaanza hata ukipata kazi isiyo ya fani.

Ukishasaini, andika kwenye kalenda siku ya mwisho ya kujitoa na kurudishiwa ada. Siku tatu kabla yake, chukua mtaala ule wa wiki kwa wiki na uweke alama kwenye vipindi vya vitendo vilivyofanyika kweli na saa ulizoshika kifaa. Vikiwa chini ya nusu ya ilivyoahidiwa, peleka orodha hiyo kwa mratibu kwa maandishi siku hiyohiyo, ukidai tarehe za kufidia. Usipopata tarehe, jaza fomu ya kujitoa kabla muda haujaisha.